Ukurasa wa Themanini na Tatu Hausemi Hivyo

Nyumba za Wafanyakazi, mlango wa nne,
Nyuma ya kituo cha afya.
Alhamisi, tarehe 9 Mei.

Mpendwa Mjomba,

Nilimdanganya baba, na uongo wangu umemkalisha nyumbani bila kazi wiki ya tatu sasa. Sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Najua barua huanza kwa salamu, lakini nimeshachana karatasi mbili zilizoanza kwa salamu zikaishia kwenye salamu, kwa hiyo hii nimeianza pale panaponiuma.

Sasa, shikamoo Mjomba. Hamjambo huko? Mgongo wako unaendeleaje tangu ulipoinua ile injini peke yako? Mama alituambia ulikuwa ukicheka huku umelala chali huwezi hata kugeuka. Sisi ni wazima wa mwili. Bibi anakohoa kidogo asubuhi, lakini anatugombeza vizuri tu, kwa hiyo hatuna wasiwasi naye.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Simu ni ya mama, na nyumba yetu unaijua, ukipiga chafya chumbani unaombewa afya jikoni. Halafu mimi kwenye simu husema "ndiyo" na "eeh" mpaka salio linakwisha. Kwenye karatasi angalau nafika mwisho wa sentensi.

Mwezi wa tisa mwaka jana kituo cha afya kilipata gari jingine badala ya lile kuukuu la baba. Hili ni la otomatiki, halina klachi. Baba alilicheka sana siku ya kwanza. Alisema wamempa gari la mtu mwenye mguu mmoja, na kwamba mguu wake wa kushoto utaomba likizo. Ndani ya gari kulikuwa na kitabu chake, kinene, cha Kiingereza, chenye herufi kama chembe za sukari. Baba alikuja nacho nyumbani kwapani, akakiweka mbele yangu.

"Profesa," alisema, maana ndivyo anavyoniita, "hebu mwulize mwenye gari. Nikiwa nakaribia kusimama, nitie N kwanza ndipo nikanyage breki, au niiache kwenye D ya kwendea?"

Unajua alikozoea, Mjomba. Kwenye gari la zamani alikuwa akiona kituo cha basi kule mbele tu, anakanyaga klachi, anaweka nyutro, ndiyo hiyo N, anaachia gari lijiendee lenyewe, halafu breki kidogo. Mkono ulikuwa umeshazoea.

Nilitafuta. Maneno mengi sikuyaelewa, na baba alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Mama alikuwepo. Jirani yetu mshonaji alikuwepo pia, amekuja kuchukua mkasi wake, akasema, "Huyu mtoto kitabu hakisomi, anakila." Wote wakacheka kwa kunisifu. Nilishindwa kusema sioni. Niliwahi kusoma mahali, kwenye kijitabu cha zamani cha shule ya udereva, kwamba gari likiwa nyutro injini hupumzika na mafuta huokoka. Nikaweka kidole kwenye mstari wowote nikasoma kwa sauti: "Dereva anapopunguza mwendo anaweza kuweka N ili kupumzisha injini." Baba akauliza ukurasa. Nikatazama chini, nikamwambia themanini na tatu.

Mjomba, ule mstari ulikuwa unahusu kusafisha mazulia ya gari kwa maji ya sabuni.

Baba aliamini kama alivyoamini kila kitu nilichomsomea, barua za ofisini, maelezo ya dawa za bibi, hata mkataba wake. Tena hakuishia kuamini. Aliwafundisha madereva wenzake. Walipombishia aliwajibu, "Ukurasa wa themanini na tatu, nendeni mkasome." Kwa mtu ambaye ameendesha miaka ishirini na mbili bila kuwa na maandishi ya kumsimamia, huo ukurasa ulikuwa kama cheti.

Lililo baya zaidi ni hili. Mwezi wa kumi na moja nilikuwa nimelala na homa, nikakichukua kile kitabu nikakisoma polepole na kamusi. Ukurasa wa mia moja na kumi na mbili nikaukuta ukweli: usiweke N gari likiwa katika mwendo, kwa sababu injini haitasaidia kupunguza kasi na giaboksi inaweza kuharibika. Nilijua tangu siku ile. Nilijaribu kumwambia kwa kuzungukazunguka. Nilisema, "Baba, hata ukiiacha kwenye D si vibaya." Akanijibu, "Kitabu ni kitabu, mwanangu." Nikanyamaza miezi mitano.

Gari likaanza kupiga teke kila akirudisha D. Halafu likaanza kunuka kama plastiki iliyoachwa juu ya jiko. Katikati ya Aprili, kwenye kile kilima cha tangi la maji, injini ikanguruma na gari halikwenda. Ndani alikuwemo muuguzi na sanduku la chanjo. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Baba na muuguzi walipokezana kulibeba lile sanduku kwa miguu mpaka zahanati ya mbele, na chanjo zilifika zikiwa bado baridi. Lakini gari lilivutwa kwa kamba hadi gereji, na fundi alipofungua giaboksi mafuta yalitoka meusi kama kahawa. Akamwuliza baba anaendeshaje. Baba, kwa fahari, akamweleza. Fundi akaandika kwenye karatasi yake: uzembe wa dereva, huweka N gari likitembea.

Sasa baba amesimamishwa. Kamati ya kituo itamwita Jumatatu, tarehe 20, na wakimwona ana makosa watamwondoa kabisa. Nyumba hii tunayokaa ni ya kazi yake. Mama ameanza kuosha na kukunja mapazia, na sijui anayakunja ili ayarudishe au ili ayafungashe.

Jana jioni ndiyo iliyonimaliza. Baba alikuwa mezani amenyooka kama mtu aliyekwisha kushinda. Alimwambia mama, "Mimi sikuendesha kwa kubahatisha. Nimefuata kitabu cha gari lenyewe. Nitakiweka mezani wakisome."

Mama akamwuliza, "Na wakikisoma?"

"Si ndicho ninachotaka, wakisome."

Halafu akanigeukia, akanipa kitabu na kipande cha karatasi. "Profesa, niwekee alama pale ukurasa wetu, nisije nikapapasapapasa mbele za watu."

Ukurasa wetu. Nilimwambia nitaweka kesho. Katibu wa kamati anajua Kiingereza kuliko mwalimu wangu, Mjomba. Ataufungua mbele ya wote na kuwasomea habari za mazulia, na baba atakuwa amesimama pale na kofia mkononi. Darasani naulizwa swali nasikia kama naitwa kutoka chini ya kisima.

Wewe ni fundi wa giaboksi na hukuwahi kunidanganya, hata nilipokuuliza kama paka wetu atapona. Naomba uniambie kweli. Je, kuweka N wakati wa kufunga breki kunaua gari la otomatiki? Nimesoma kila nilichopata. Mwandishi mmoja anasema hakuna madhara kwa sababu injini bado inazunguka na mafuta yanafika kwenye giaboksi. Mwingine anasema ni kuichosha giaboksi kila siku kidogo. Na gari hili lilinunuliwa limeshatumika, na hakuna anayejua mafuta ya giaboksi yake yalibadilishwa lini. Kama unaweza kuandika kwamba N haidhuru, andika kwa mkono wako na utie sahihi, baba aipeleke kwenye kamati. Nakusihi. Sijui pengine pa kushika.

Nisalimie sana mkaza mjomba, mwambie sweta aliyonifumia bado inanitosha mikononi. Msalimie binamu Kifuniko na yule mdogo ambaye sijamwona bado. Bibi anasema mje kabla hajachoka kuwangoja. Mungu auponye mgongo wako na aiweke mikono yako mbali na kila kitu kinachozunguka.

Ni mimi mpwa wako, ninayekupenda na kukuonea haya,

Profesa (ukitaka kuendelea kuniita hivyo).

*

Jumanne, tarehe 21 Mei.

Mjomba, bahasha nimeifungua tena. Ijumaa nilifika nayo posta mpaka dirishani, nikarudi nayo. Kwenye foleni nilihesabu siku, halafu nikaacha kuhesabu. Hata kama ungejibu siku hiyohiyo, na hata kama ungeandika kwamba N haidhuru kabisa, baba bado angeweka kile kitabu mezani. Nilikuwa nakuomba jibu ambalo lingeniokoa mimi, siyo yeye.

Jumamosi asubuhi alikuwa uani anapiga pasi shati la kazi. Nilisimama mpaka akamaliza kola. Nikasema, "Baba, ule ukurasa haupo."

"Umechanika?"

"Haujachanika. Upo, lakini hausemi hivyo. Nilitunga."

Aliisimamisha pasi. Akaniambia nilete kitabu, nimsomee ukurasa wa themanini na tatu kama ulivyo. Nikamsomea, sabuni, brashi, kuanika kivulini. Akauliza kama ukweli upo mahali pengine. Nikamsomea wa mia moja na kumi na mbili. Akauliza nimeujua lini. Nikasema Novemba. Hapo ndipo alipokaa chini, juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Nimewafundisha madereva wanne kusafisha mazulia," alisema. Hakucheka, na mimi sikuthubutu.

Mama alisikia yote kutoka mlangoni. Alisema, "Huo uongo wako umefanya kazi mwaka huu kuliko baba yako," akaingia ndani. Hakunisemesha mpaka Jumapili jioni. Baba hajaniita Profesa tangu hapo.

Baba alitaka kuiambia kamati kwamba ni mazoea yake tu, ameyatoa kwenye gari la zamani, asinitaje. Nikamwambia nitakwenda naye. Akasema nina shule. Nikasema ni kweli nina shule, na nitakwenda. Sijawahi kumjibu baba hivyo. Alinitazama kama anayemtazama abiria asiyemkumbuka.

Jumatatu kulikuwa na watu watano nyuma ya meza: daktari mkuu, katibu, wajumbe wawili na yule fundi wa gereji. Nilisoma kurasa zote mbili, kwanza Kiingereza kisha Kiswahili, nikasema ni mimi niliyemsomea baba maneno yasiyokuwemo, na kwamba nilinyamaza baada ya kujua. Katibu alikichukua kitabu akahakikisha mwenyewe. Mjumbe mmoja alimwambia baba, "Kwa hiyo wewe unaendeshwa na mtoto?" Baba akamjibu, "Kwa Kiingereza, ndiyo mzee. Kwa barabara, mimi."

Daktari akamwuliza fundi swali lilelile nililokuuliza wewe. Fundi alijikuna shingo. Alisema kuweka N wakati unafunga breki, kwa kufanya hivyo tu, giaboksi haifi upesi hivyo. Kinachoiumiza ni kuirudisha D kwa pupa huku gari liko mwendoni na mguu uko kwenye mafuta, na kushuka mlima mzima ukiwa N, maana hapo breki nazo zinaachwa peke yao. Kisha akakiri kwamba mafuta aliyoyatoa yalikuwa yamechakaa siku nyingi, pengine kabla gari halijafika kituoni, na hilo hakuliandika. Katibu alimwuliza kwa nini hakuliandika. Akasema hakuna aliyemwuliza.

Walitutoa nje, tukakaa kwenye benchi la wagonjwa. Baba aliniwekea kofia yake mapajani niishike wakati anakwenda kunywa maji. Tulipoitwa tukaambiwa hivi: baba hafukuzwi. Atakaa stoo ya dawa miezi mitatu, halafu atapimwa upya kwenye gari la otomatiki na mpimaji wa nje. Akishindwa, ataondoka kazini na sisi tutaondoka kwenye nyumba. Kwa hiyo hatujapona, Mjomba, tumeongezewa siku. Bado nahitaji jibu lako, kama fundi yule amekosea tujue sasa.

Baba alikwenda stoo siku hiyohiyo. Mimi nilikwenda shule, nikaingia kipindi cha tatu, nikaandikwa mtoro, nikatia sahihi.

Jioni nilileta kitabu na kamusi mezani. Nilimwuliza baba kama nianze mwanzo. Akavuta kiti, safari hii akakaa pembeni yangu anapoona maandishi. Nikaanza ukurasa wa kwanza. Kila neno nisilolijua nalipigia mstari kwa penseli na tunalitafuta pamoja, na tusipolipata naliandika kwenye karatasi ya kumpelekea mwalimu. Jana tulifika ukurasa wa kumi na tisa, mikanda ya viti. Leo tunaanza na vioo.