Namba Ubavuni mwa Injini

Tarehe 3 Februari

Mke wangu wa utani, Bibi,

Shikamoo kwanza, utani baadaye. Nyonga inaendeleaje huko kwa Shangazi? Mimi mzima kama chuma, nyumba haijaungua, na yule mke mwenzio, yaani pikipiki yako, amelala chumba cha nyuma chini ya shuka kama bibi harusi aliyegoma kutoka.

Bibi, nimechoka. Kidume wa miaka kumi na tisa, fundi mahiri wa mageti na madirisha ya chuma (Fundi Mkuu hasemi, ila macho yake yanasema), nimeachwa kulinda kitu kisichotoroka. Malori yanapita asubuhi yakienda mbali, miguu yangu inawasha. Nipe ruhusa niondoke nayo, hata mji wa pili tu. Wewe umeiendesha miaka thelathini ukikimbilia wajawazito. Sasa zamu yangu.

Halafu jamaa mmoja kachungulia dirishani akasema pikipiki za zamani kama hii zina bei siku hizi. Kweli, au alikuwa anatafuta maji ya kunywa tu?

Mumeo na mjukuu wako,
Kiroboto


Tarehe 19 Februari

Kiroboto, mume ambaye sikumchagua,

Marahaba. Nyonga ni ile ile: natoka kitandani hadi dirishani, nikifika nimesahau nilifuata nini. Daktari anasema upasuaji utanirudisha kwenye miguu yangu.

Yule jamaa hakudanganya. Kuna mthamini wa pikipiki za kale, atapita huko mwezi wa tano. Tukubaliane sasa, kabla hujaanza kubembeleza. Bei ikiwa nzuri, nauza, napasuliwa, narudi nyumbani. Bei ikiwa mbaya, ni yako, nenda unakotaka, mimi nitabaki hapa nikimsikiliza Shangazi yako.

Mpaka siku hiyo usiipande. Mwaga petroli iliyolala kwenye tangi na kabureta, mbali na moto wako wa kuchomelea. Isimamishe kwenye stendi ya kati, magurudumu yazungushe kidogo kila wiki. Matairi yana meno mazuri lakini yamekuzidi umri, na mpira uliokauka hupasuka bila kuaga. Usiiwashe dakika mbili ukazima ili usikie mlio. Injini isiyopata joto la kutosha hukusanya maji ndani. Na usipake rangi, usisugue, using'arishe. Uzee wake ndio anaoulipia mnunuzi.

Bibi yako


Tarehe 8 Machi

Mke wangu, shikamoo. Sisi wazima, mimi na mwenzio.

Barua yako ndefu kuliko hotuba ya harusi. Nimeisoma mpaka kwenye magurudumu, nikaona mengine nayajua. Petroli nimemwaga; ilinuka kama rangi iliyooza. Magurudumu yanazunguka kila Jumapili.

Halafu nikaongeza la kwangu. Nimechukua grenda ya kazini na diski laini, Jumamosi nzima, na sasa kwenye ile injini unaweza kujitazama ukafunga kilemba. Mthamini akija atapiga magoti. Asante yako nitaipokea kwa barua.

Mumeo hodari,
Kiroboto


Tarehe 21 Machi

Kiroboto,

Natumaini hujambo. Mwisho wa barua yangu uliuruka, na hilo tutalizungumza. Kwanza hili: mthamini anataka namba ya injini kabla ya kuja. Imegongwa kwenye chuma ubavuni kushoto, chini kidogo ya silinda. Niandikie.

Bibi yako


Tarehe 30 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, tuna mageti mengi ya shule. Namba ni 40718. Afya yangu nzuri. Huku mvua inanyesha sana.

Mjukuu wako


Tarehe 6 Mei

Mjukuu wangu,

Namba uliyoandika ni nzuri, ila si yake. Kadi ya pikipiki ninayo mkobani tangu niondoke. Mthamini alitaka tu kujua kama zinalingana. Na barua nzima hukuniita mke wako hata mara moja. Nimezalisha wanawake miaka thelathini, namjua anayeficha uchungu kwa kuzungumzia mvua. Kuna nini?

Bibi yako


Tarehe 9 Mei

Bibi,

Shikamoo. Diski ilipita ubavuni kushoto. Niliona vitu vidogo vidogo pale, nikadhani ni kutu yenye mpangilio. Nikasugua mpaka pakawa laini kama mgongo wa kijiko. Ulipouliza namba nilienda na tochi, nikaenda na kioo, nikaenda na mkaa. Hakuna kitu. Ile 40718 niliitunga.

Tangu hapo situlii. Naingia chumba cha nyuma, natoka, naingia. Kinachonitafuna ni hiki: bei ikianguka, pikipiki inakuwa yangu. Utasema nilifanya kusudi. Sikufanya, Bibi, ila najua ninavyosikika.

Lakini dawa ipo. Fundi Mkuu ana vyuma vya kugongea tarakimu, sifuri hadi tisa. Nimevijaribu kwenye kipande cha chuma, vinatoa safi. Nisomee namba kwenye kadi, niigonge, nipake majivu na oili ionekane ya kale. Mikono yangu unaijua. Mthamini hatagundua, utapasuliwa, utarudi.

Jibu upesi.

Kiroboto


Tarehe 13 Mei

Kiroboto,

Sikufikiri hata kidogo kwamba ulifanya kusudi. Ungekuwa na akili ya kupanga hayo, ungesoma barua yangu mpaka mwisho.

Namba sikupi. Siku polisi atakapoikagua hiyo namba yako, atakayeitwa mwizi ni aliyeinunua, siyo wewe. Sitaki kutembea kwa gharama ya mtu huyo. Mthamini anafika tarehe ishirini. Mwambie wewe mwenyewe, kabla hajainama kuitafuta.

Mkeo, bado


Tarehe 22 Mei

Mke wangu,

Shikamoo. Kama umesimama, kaa.

Mthamini ni mzee mfupi mwenye tochi shingoni. Kabla hajavua kofia nikamwambia, "Mzee, namba ya injini nimeifuta mimi, kwa grenda."

Akaniuliza, "Ulilipwa?"

"Hapana, nilijitolea."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaiona pikipiki, akawasha tochi. Namba ya fremu ipo, inalingana na ile uliyomsomea kwenye kadi, kwa hiyo si ya wizi. Tangi ni lenyewe, taa yenyewe, kiti chenyewe. "Ingekuwa na namba yake," akasema, "watu wangegombania mlango huu." Akaandika nusu ya bei. Nimempigia Shangazi: nusu haifiki kwa daktari.

Basi kwa maandishi yako mwenyewe, bei mbaya, pikipiki ni yangu. Alipotoka nikaipanda kwa mara ya kwanza, iko kwenye stendi, imezimwa. Nikakaa dakika kumi. Inanikaa vizuri, Bibi, usiniambie hainikai.

Kisha nikateremka nikamkimbilia mthamini kabla hajafika kituoni. Anamjua mwalimu mmoja mwenye pikipiki kama hii, injini yake nzima, tangi limeoza. Mwalimu amekuja jana na pikapu. Nikamwonyesha ubavu nilioharibu kabla hajauliza, akapigapiga tangi, akachukua. Alichotoa chote kinakuja kwa Shangazi. Kilichopungua namalizia mimi: Fundi Mkuu ametanguliza fedha, nami nimempa neno langu, mageti ya mwaka mzima. Mwaka, Bibi. Mimi.

Usinigombeze kwamba nimeuza kitu chako. Nimeuza changu.

Mwambie daktari ataje tarehe, upesi. Mwaka nimeahidi kukaa, ila miguu hii sijaiuliza.

Mumeo,
Kiroboto