Mshale Uliolala kwenye Mvua

Njoro, Nakuru
Mwezi wa kumi

Mpenzi Mama Kioko,

Nakusalimu wewe na watoto, na mama yangu hapo Kitui. Kifua chake kimepoa? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inaingia mpaka kwenye mifupa. Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeandika kwamba mbegu iliyobaki ni debe moja tu, manyunyu yameanza, na unauliza kama upande. Usipande.

Najua utaguna, maana mwaka jana ni mimi niliyekuandikia upande upesi. Sikukwambia nilikotoa maneno yale. Bwana wa shamba hili alileta kutoka Mombasa chombo cha kupima uzito wa hewa, kimekaa kama saa lakini kina mshale mmoja. Alikitundika barazani. Mimi ninayefagia pale nikaona mshale umelala kwenye neno la mvua, leo, kesho, wiki nzima. Nikajiona nimepata siri ya Wazungu. Mama alikwambia ungoje, ukanisikiliza mimi, na mahindi yakaota yakakauka. Mkala mtama wa mjomba mpaka mavuno mengine. Jambo hilo liliniuma sana.

Mwezi uliopita bwana alinituma nikipeleke kwa fundi wa saa mjini Nakuru, Kalasinga mmoja mwenye duka karibu na stesheni. Akakitazama, akacheka.

"Hii haijaharibika, baba. Hii ilipimiwa kule chini, baharini. Kule hewa ni mingi, nakandamiza sana. Hapa sisi iko juu, hewa ni kidogo, basi yeye nafikiri kila siku ni mvua."

Nikamuuliza mvua ya kweli inajulikanaje. Akanieleza huku anakaza skrubu. Jua likipita wima juu yetu, nchi inapata moto na hewa inapanda. Hapo pepo za kusini na za kaskazini zinakimbilia kujaza nafasi ile, na zinapokutana ndipo mvua inaponyesha. Jua likihama, pepo nazo zinalifuata.

"Sasa ile ya kusini bado na nguvu," akasema. "Ngoja ichoke kwanza."

Kwa hiyo safari hii najua ninachosema. Manyunyu hayo ni ya kupita. Kila asubuhi Mama anapomwaga majivu, tazama yanapeperukia wapi. Yakiendelea kwenda kaskazini, lifunike debe lako. Siku pepo ile ya kusini itakapochoka, majivu yakageuka kwenda upande wa machweo, na joto likawa zito, panda mbegu zote wala usingoje barua yangu. Nadhani hilo ndilo Mama alilokuwa akilitazama miaka yote, na mimi nikifikiri anatupa takataka.

Nisalimie mjomba aliyetulisha, na dada yangu mshonaji, na shemeji wa kinu cha unga. Barua hii msomee Mama kwa sauti, yote, hata pale nilipokosea. Yeye hajaniuliza hata mara moja juu ya mahindi yale, na nimeona haya mwaka mzima.

Mume wako,
Mutiso