Wanaume Wanaouziana Wachezaji

Flemingdon Park, Toronto

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kifua kimepoa, au baridi ya Lushoto bado inakusumbua? Mdogo wako hapa anaendelea. Goti walilompasua limeanza kukunjika, ila bado hawezi kwenda msalani bila kunishika bega. Anasema usilie ukisoma hapa.

Nikueleze ya kazini. Ghala letu la vigae liko Downsview, nami ni karani wa mapokezi ya mizigo. Wenzangu ni watu wazima wenye wajukuu, lakini heshima ya kuwapa nimeikosa. Wana wazimu wa besiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo. Msimu umekwisha, uwanja umefungwa, hakuna anayecheza. Ndipo kelele zao zinapozidi. Kila saa ya chakula wanabashiri timu itamtoa nani na kumchukua nani.

"Mtoe yule mrushaji, bega limekwisha!"

"Nani atamtaka? Ongeza na kijana mmoja!"

Wanabishana hadi mate yanarukia supu, kana kwamba mwenye timu anasubiri simu yao.

Wiki iliyopita walichoka na wachezaji, wakaanza kutubadilisha sisi. Meneja wetu, Glen, akasema, "Karani tumpeleke tawi la Ottawa, nao watupe dereva wao." Wakapiga meza kwa kicheko. Nami nikacheka, Mama. Unajua ulivyotulea: mkubwa akikutania, unainamisha kichwa na kucheka, hata kama hupendi. Baba Espoir, Mkongo anayepanga mizigo, akaninong'oneza, "Dada, unacheka nini? Banakuuza!"

Jumatatu Glen akanipongeza: Ottawa wamekubali. Huko ni mji mwingine kabisa, mbali. Nani angemshika Mama mdogo? Na mkataba wangu ni wa muda. Neno moja baya, sina kazi. Nilinawa uso chooni, kisha nikaingia ofisini kwake.

"Siwezi kwenda. Namuuguza mama yangu mdogo."

"Mbona ulicheka? Nilidhani umefurahi."

"Nilicheka kwa sababu nakuogopa."

Masikio yakamwiva. Mtu huyu anajua bega la mrushaji linauma wapi, asijue kwamba karani wake ana mgonjwa nyumbani! Mwishowe akasema nibaki. Kisha akamtazama Baba Espoir kupitia kioo, akaanza, "Basi labda yule..."

"Muulize kwanza," nikamkatiza.

Akaenda kumwuliza. Jibu nililisikia nikiwa huku ndani, mlango umefungwa: "Hapana!" Wala hakucheka.

Tangu siku hiyo wamerudia warushaji wao. Sisi hatutajwi tena mezani.

Nisalimie Baba, shangazi mshonaji, na mdogo wangu aliye kidato cha nne. Mwambie asome, aache simu. Mama mdogo anakuombea, nami nakuwaza kila nikivaa sweta uliyonifumia.

Mwanao akupendaye,
Neema