Diski Mupya ya Bana Lindi

Kisangani, tarehe 26 mwezi wa nne 1987

Kwa mudogo wangu Hilaire,

Tangu kuriye, ile boti iliyowabeba ninyi Bana Lindi kwenda Kinshasa, ilipotoka kwenye beach ya Makiso, bandari yetu, mwezi wa tisa wa 1984, nimepoteza siku zangu za Mungu, zile jumapili za muziki. Naanza na hilo ili usisome salamu zangu ukafikiri nimezoea. Sijazoea.

Bon, salamu zenyewe. Afya yako iko namna gani? Unakula vizuri, unalala mahali pakavu? Sisi huku tuko, Mungu anatusaidia. Papa, baba yetu, anatembea na fimbo lakini kichwa chake kiko timamu, anasoma hata magazeti ya zamani mpaka tangazo la mwisho. Mimi, biashara ya samaki wa moshi wa Basoko ilikomaa. Sasa niko na depo yangu ndogo Makiso, chumvi mbele, samaki nyuma, na hakuna aliyenishika mukono ili nifike hapo. Barua hii inaletwa na Assumani, mufanyabiashara wa Kindu anayepanga kwangu. Anapanda avion, ndege ya Kinshasa, kesho. Atakutafuta kwa Évariste, mwimbaji na mukubwa wa orkestra yenu, kwa kuwa anwani ingine hukunipa. Barua tatu za mbele hukujibu, na sitazirudilia hapa. Hii ni juu ya jambo moja tu: konseri ya tarehe 20 mwezi wa tano, na Papa wetu.

Lakini kwanza unisikilize. Unakumbuka mulivyoanza Mangobo, kwenye uwanja wa bar ya tonton Cyprien? Gitaa tatu, ngoma moja, hakuna tarumbeta. Mashabiki wa orkestra kubwa za Kinshasa walitucheka, wakasema hii si orkestra, ni watoto wanaotengeneza radio. Nyuzi zikikatika muliweka waya wa frein ya baiskeli, ule wa breki, na sauti ilitoka na kutu kidogo, tamu sana. Wengine walikuwa wanapiga nyimbo za watu. Ninyi, kila siku ya Mungu mulileta wimbo wenu wenyewe, hata kama haujaisha, na Évariste alikuwa anaomba watu wamusamehe kwa kuwa maneno ya mwisho bado yako nyumbani. Njo hapo niliwapendea. Nilikuwa nafunga meza yangu sokoni mbele ya wengine, nakuja bila kuoga, kitenge kinanuka moshi, nasimama karibu na baffle ya kushoto, ile spika kubwa, kwa sababu gitaa yako ilitokea huko. Évariste alinitania kwenye micro, akasema Mama Samaki amefika, nzi wamefika, sasa tunaweza kuanza. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini sikusogea. Mvua ikinyesha tulibaki watu wachache chini ya bati, na hizo njo zilikuwa konseri nzuri kupita zote.

Leo uwanja ule wanauzia mbao. Nikipita pale siku ya Mungu nasimama kidogo, kama mutu aliyesahau kitu nyumbani, na mulinzi ananiuliza, Mama, unataka mbao ngapi?

Papa hakuja hata mara moja, unajua. Alisema hakupiga mashine ya kuandika katika bureau ya serikali miaka yote ile ili mutoto wake apige gitaa katikati ya walevi. Siku mulipoondoka hakushuka beach. Alikaa kwenye barza, akaniambia nikirudi nilete mukate.

Alors, mwezi wa kwanza wa mwaka huu diski yenu mupya ikafika, trente-trois tours, ile kubwa ya nyimbo nane. Juu ya koti yake, ile karatasi ya kuifunika, kuko picha ya Évariste peke yake, lakini nyuma majina yote yameandikwa, na lako liko: Hilaire, gitaa solo. Nilinunua tatu. Moja ya kusikiliza, moja ya kuweka, moja ya kuazimisha watu ili wasiguse zile mbili. Nilifunga depo muchana, jambo ambalo sifanyi hata kwa matanga ya jirani. Nikamukuta Papa amekaa, nikawasha tourne-disque, mashine ya kupiga diski, bila kumuomba ruhusa. Wimbo wa kwanza ni wa kusifu Chama, kama kwenye diski zote, tukangoja upite. Wa pili ukaanza polepole, halafu sebene, mahali pa gitaa na kucheza, ikapanda, na Évariste akaita kwa ile sauti yake: Hilaire, mutoto wa Yanonge, waonyeshe. Gitaa ikaingia.

Papa akavua miwani. Akasema nirudishe sindano. Nikarudisha. Akasema tena.

Tangu siku ile Papa wetu amekuwa mutu mwingine. Anaita majirani wakae naye kwenye barza, ananituma niwapigie lituma, ndizi za kuponda, na jina lako likiitwa anainua kidole kama mwalimu anayetaka darasa linyamaze. Wazee wenzake wa bureau wanakuja na viti vyao. Mumoja alimutania: Muzee, zamani ulisema gitaa ni kazi ya wavivu. Papa akamujibu: Zamani nilisema pia wewe utapata cheo.

Sasa radio imetangaza: Bana Lindi wanarudi Kisangani kwa sikukuu ya Chama, watapiga mbele ya wakubwa wote. Avion yao imelipwa. Papa amepata mialiko miwili kwa rafiki wa zamani, safu ya mbele kabisa. Amepeleka abacost yake, ile suti ya bureau, kwa fundi ipunguzwe, kwa sababu amekonda ndani yake.

Hilaire, ile gitaa si yako.

Nilijua tangu mara ya kwanza, Papa akiwa bado na miwani mukononi. Kidole chako kidogo cha kushoto hakikunjiki tangu mutumbwi ulipokibana Yanonge. Kwa hiyo ukipanda juu huwezi kutandaza vidole kama wengine. Unateleza juu ya waya, unachelewa kidogo, na watu wanaocheza wanabaki muguu hewani wakikungoja. Huyu wa diski hachelewi. Anafika kwa saa yake kama mutu wa bureau. Anapiga vizuri kabisa, na simupendi. Nimesikiliza nyimbo zote nane, pande zote mbili, sikio kwenye baffle. Hauko ndani, hata mahali padogo. Waliita jina lako na mutu mwingine akaitika, kwa kuwa Évariste anajua ya kama bila jina lako Kisangani haitanunua.

Nilinyamaza kwa ajili ya Papa. Nilisema, muzee amepata furaha, mimi ni nani nimunyang'anye? Nikawa nasikiliza naye, natikisa kichwa mahali pa kutikisa, nikiingia jikoni nauma kitenge. Halafu juma lililopita sindano ya tourne-disque ikavunjika. Nikasema kesho nitatafuta ingine. Papa akasema, bila kuniangalia, ya kama hakuna haraka. Nikamuuliza sababu. Akaniuliza kama ninafikiri yeye ni kiziwi. Akasema mutoto yule alifanyia mazoezi nyuma ya jikoni miaka sita, naye akimufokea anyamaze, na kwa kumufokea alijifunza kila kosa lake. Huyu wa diski hakosei. Siku ile aliniomba nirudishe sindano ili ahakikishe. Majirani aliwaita kwa sababu aliniona nimenunua tatu, akafikiri nina furaha, na hakutaka tubaki wawili peke yetu na ile gitaa.

Basi tulikaa pale, mimi na yeye, kama watu wawili waliofichana ugonjwa mumoja.

Nikasema donc tusiende konseri. Akasema ataenda. Atavaa abacost, atakaa safu ya mbele, na kama Évariste akiita jina lako na mutu mwingine akaitika, atasimama mbele ya commissaire wa mukoa na wakubwa wote, atamuuliza Évariste mutoto wake amemuweka wapi. Nilimuambia, Papa, hiyo ni sikukuu ya Chama, watu wamefungwa kwa jambo dogo kuliko hilo. Akanijibu ya kama amewaandikia barua zao miaka thelathini na moja, wanaweza kumusikiliza dakika moja. Unamujua. Atasimama.

Sijui kama uko mugonjwa, kama muligombana, kama uko kifungoni ao umeuza gitaa ukale. Sikuombi hadithi ndefu, wala sina hesabu yoyote ya kukuletea. Kama haupigi tena, rudi bila gitaa, kitanda chako kiko. Na kama unapiga bado, mahali popote, hata kwa matanga ya watu usiowajua, uniambie ni wapi. Nitafunga depo, nitapanda boti, nitasimama upande wa kushoto.

Papa hajui naandika. Watu wa avenue wote wanakuuliza, na tonton Cyprien anasema deni lako la bia limekufa pamoja na bar yake, usiogope kupita. Mimi nakukumbatia na hasira yangu yote.

Sasa jibu. Siku ya tatu ya juma, tarehe 13 mwezi wa tano, nitakaa kwenye benchi ya fonie ya mapadri, ile radio yao ya kusemezana na Kinshasa, kuanzia saa nne. Assumani atakuonyesha nyumba yao kule Kinshasa, maneno mawili hawatakukatalia. Ikifika saa sita ya muchana bila sauti yako, nitaenda nyumbani nichome mialiko ya Papa, na hatanisamehe mpaka kufa kwake, nami nitakubali. Kwa hiyo uniambie wewe mwenyewe kwa kinywa chako, Évariste asikusemee: unapiga ao haupigi, unakuja ao haukuji?

Yaya wako, dada yako mukubwa,

Colette