Dawa ya Pamba Kichwani mwa Masalu

Igogo, Jumapili baada ya misa

Mama Veneranda,

Shikamoo. Kiti chako cha pale mlangoni wodi ya watoto amekikalia mwingine, naye huwa hainuki mtoto anapoletwa. Ungemwinua kwa jicho moja.

Nakuandikia kwa sababu nimeshikwa na kinyaa, na kila ninayemwambia ananijibu nivumilie.

Jumanne mama mmoja wa Mkuyuni alimleta binti yake, Kabula. Mate yanamtiririka, mboni zimekuwa tundu la sindano, kifua kinakoroma. Alikuwa ameshamnywesha maziwa kikombe kizima, maana hapa kila mtu anajua dawa ya sumu ni maziwa. "Hajala kitu kibaya, nesi, haki ya Mungu!" Na kweli hakula. Nikakumbuka ulivyokuwa ukiniinamisha kwa kunishika shingo: "Achana na mdomo. Nusa kichwa." Nikanusa. Dawa ya pamba, Mama, ile ya kuulia wadudu shambani. Mama yake alimpaka nywele kuua chawa, akamfunga kitambaa ili ikolee.

Tukamvua nguo, tukamwosha kwa sabuni, tukarudia, daktari akamchoma atropini mpaka kifua kikakauka. Kabula yuko hai. Ndipo nikauliza lile swali lako: mwingine aliyepakwa yuko wapi?

"Mdogo wake? Yuko na bibi yake. Huyo hana shida, katulia tu."

Nilikimbia na dereva. Masalu alikuwa mapajani mwa bibi yake, ametulia kweli, kitambaa bado kichwani. Hakuamka.

Unakumbuka dawa hiyo ilivyokuwa ikitoka chama cha ushirika, kwenye kopo lenye picha ya fuvu, na mkulima anaonywa kabla ya kukabidhiwa? Siku hizi biashara ni ya yeyote. Jirani yao mwenye duka anaimimina kwenye chupa za soda, anazipanga pamoja na mafuta ya kula. Ndiye aliyemwambia yule mama, "Kifuniko kimoja tu, chawa kwisha." Msibani alikuja na gunia la mchele. Wakampisha kiti cha mbele. Wakamshukuru! Mzee mmoja akasema, "Huyu ndiye jirani." Nikaenda nyuma ya choo nikatapika, mimi niliyezoea kupangusa matapishi ya watoto wa watu.

Jana huyo mwenye duka kanifuata kazini na doti ya khanga. "Dada yangu, Jumatatu kuna kikao cha mtaa. Wewe sema degedege, yaishe. Mungu ndiye aliyetoa." Anamtaja Mungu huku anachokonoa meno. Nilimrushia khanga zake.

Yaishe kwa nani? Nikisema degedege, watauliza nani kaileta. Yule bibi macho yake ni mekundu, miaka yote anapikia kinyesi cha ng'ombe, na mtoto kafia mapajani mwake. Wameshaanza kunong'ona kuwa ni mchawi. Wewe unajua huku kwetu minong'ono ya namna hiyo huishia wapi: kwenye panga. Na mwenyekiti naye ananiambia, "Nesi, tusiharibu ujirani." Ujirani! Najisikia kunawa kila nikilikumbuka neno hilo.

Kwaheri, Mama. Pumzika, ulikesha na watoto wa kutosha. Kesho nitakaa kando ya yule bibi, na hatainuka mtu pale kabla hajasikia kutoka kwangu ni dawa gani, na ni nani aliyeiuza.

Mwanafunzi wako,
Leokadia