Pole kwenye Barafu

Maman wangu mpendwa,

Tonton, kaka yako, anasema hoki ya kweli ya barafuni ni ya wachezaji wa kulipwa, lakini mimi nimeipenda ya vijana. Jumamosi binti yake, Aline, alikuwa golikipa kwa mara ya kwanza, akiogopa sana. Kila aliyeteleza nilimwambia, “Pole!” hata wapinzani. Tonton akacheka: “Bon, utamaliza pole zote kabla ya mapumziko!”

Kisha Aline akafungwa, akabaki amepiga magoti. Nikasahau aibu yangu, nikapaza sauti: “Pole, Aline!” Akainua fimbo kunijibu, akasimama, na hakufungwa tena.

Wale wa kwenye televisheni wana kasi zaidi, lakini pole yangu haiwafikii. Asante kwa kunifundisha neno hilo. Sweta yako inaishinda baridi ya Bruseli. Nawe Mungu akulinde.

Mwanao, Neema