Nimewaona Ndovu Wako, Baba Wakesho

Baba Wakesho,

Leo nimefika mto Galana. Ndiyo, mimi, yule mwanamke aliyeapa mbele ya mama yako kwamba hatakanyaga mbugani hata afungwe kamba. Cheka tu, nakujua.

Tangu tukulaze kaburini kule Mghange, mvua ilinyesha kidogo ikakatika, na mahindi ya bondeni yameungua. Nyumba imenyamaza mno, mpaka redio yako naiwasha asubuhi ili pawe na sauti ya mwanamume. Wakesho wetu amemaliza kozi ya kuongoza watalii. Wenzako wa kazini wakamwambia gari lako la wageni lipo, aje akalie kiti chako. Mimi nikakataa. Nikamwambia mbuga hiyo imekula Krismasi zangu zote na Pasaka zangu zote, sasa inataka na mtoto? Haiwezekani!

Akatoka nje, vile vile ulivyokuwa ukitoka wewe. Baadaye akasema, "Mama, twende uone kwanza, halafu useme." Nikaenda kwa hasira. Nilitaka kukiona hicho kilichokuwa kikininyang'anya mume.

Tuliingia kwa lango la Voi asubuhi, yeye kwenye usukani, mimi kando yake nimenuna. Ulikuwa ukiniambia, "Wageni wakipungua nitakupeleka, Mama Wakesho." Hawakupungua. Njia nzima nikawa nakusemesha moyoni: hapa alipita, hapa alisimama, pengine hapa alikula zile chapati nilizomfungia. Uchungu gani huu, jamani.

Mtoni magari yalikuwa yamejipanga, injini zimezimwa, watu kimya. Ndovu wako wakatokea vichakani. Mungu wangu! Wekundu kwa lile vumbi letu, wengi, wamama mbele na watoto wamebanwa katikati, wote wanakuja kunywa na kuvuka. Jike moja kubwa likanyoosha njia upande wetu. Sasa wewe unajua mimi ndovu nimemjua wapi: shambani, akila jasho langu. Mikono ikafanya ilichozoea. Nikaupiga mlango wa gari kama ninavyopiga sufuria, nikapaza sauti, "Hoo! Hoo! Toka kwa mahindi yangu!"

Mahindi yako wapi, Baba Wakesho? Pale kuna mchanga tu. Ndovu wakageuka wote, vumbi likatimka, mto ukabaki mtupu. Kila gari likaniangalia. Mzungu mmoja mwenye kamera ndefu alinitazama nikatamani kuingia chini ya kiti. Wakesho hakunigombeza. Alinishika mkono tu, akasema kwa ile sauti yako ya chini, "Tulia, Mama. Hapa ni kwao."

Tukangoja. Jua likapanda na hakuna aliyeondoka. Mwishowe wakarudi polepole, bado na wasiwasi, wakaingia majini. Katoto kamoja maji yalikazidi kimo, ukawa unaonekana mkonga tu. Mamake akajiweka upande wa juu wa mto, maji yakawa yanamgonga yeye, akakakinga hivyo hivyo mpaka ng'ambo. Nikalia. Nililia kuliko siku ya mazishi, maana siku ile macho ya watu yalikuwa mengi.

Kumbe ndiyo haya uliyokuwa ukijaribu kunieleza mezani, umenyoosha mkono eti ndio mkonga, nami nakwambia kula, chakula kinapoa. Niligeuka nikwambie "ona!" Nikamkuta mtoto wako. Nimekukosa, mume wangu. Nimekukosa sana.

Tulipokuwa tunarudi nikamwambia Wakesho akubali ile kazi. Akasimamisha gari katikati ya njia, akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia endesha, usinirudishe nyuma. Nilikuwa nimeshageuza uso dirishani, asinione.

Pumzika sasa. Kaburi lako nitalipalilia mwenyewe, hilo usiwe na shaka, na mwanao nitamfungia chakula cha njiani kama nilivyokufungia wewe. Ataanza Krismasi hii, wageni ni wengi. Nitakaa nyumbani peke yangu, na nakuahidi sitanuna. Nitajua mko wapi, nyote wawili.

Mimi wako,
Mama Wakesho